Kwa nini Island Records waliikataa "Heart of the Congos"? Wajuzi wa rege tukutane hapa

#1 Mvuvi wa Pangani

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii nimerudi kwenye Heart of the Congos ya The Congos, na kila nikiisikiliza swali ni lile lile: mtu mwenye masikio anaikataaje albamu kama hii?

Kwa wasioifahamu: ni ya 1977. Aliitengeneza Lee "Scratch" Perry kwenye studio yake ya Black Ark, pale pale nyumbani kwake Cardiff Crescent, Washington Gardens, Kingston. Waimbaji walikuwa wawili. Cedric Myton ndiye mwenye ile sauti nyembamba inayopaa juu ya kila kitu, na Roydel Johnson, Ashanti Roy, anakaa katikati. Perry akaona chini kumebaki wazi, akamleta Watty Burnett na sauti yake nzito. Nyimbo kumi, kuanzia Fisherman hadi Solid Foundation, na sijawahi kuruka hata mmoja.

Kipindi hicho Island, kampuni ya London iliyokuwa na Bob Marley, walikuwa wanachukua kazi za Perry mfululizo. Mwaka 1976 walitoa Super Ape na War Ina Babylon ya Max Romeo. Mwaka 1977 wakatoa Party Time ya The Heptones na Police and Thieves ya Junior Murvin. Halafu inakuja hii, ambayo kwangu inazipita zote, wao wanakataa! Ikaishia kutoka Jamaika kwenye lebo ya Perry mwenyewe, Black Art, nakala zinazotajwa kuwa mia kadhaa tu.

Dai langu ni moja: Chris Blackwell, mwenye Island, aliogopa. Exodus ya Bob Marley ilitoka Juni mwaka huo huo, na fedha na nguvu zote za Island zilikuwa kwa Bob. Hakutaka kundi jingine la Kirasta lenye uzito wa namna hii limsogelee.

Karibuni mnipinge.

#2 Jirani Mwema

Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 Dreadi wa Nyali

Hatimaye uzi wa maana! Hao jamaa walikuwa Wakongo halisi waliokwama Jamaika, wakaokotwa na Perry, ndiyo maana wakaitwa The Congos. Ukiwa huna jina kubwa na huna mtu wa kukusemea, kampuni ya London itakutazamaje?

#4 MzeeWaKaseti

Dreadi, hapo umechanganya makundi mawili.

Myton na Johnson ni Wajamaika wa kuzaliwa. Myton alishaimba tangu miaka ya 1960 na kundi la The Tartans, akiwa na akina Prince Lincoln Thompson na Devon Russell. Johnson ametoka parokia ya Hanover (parokia kule Jamaika ni kama mkoa), upande ule ule aliotoka Perry, na ujuano huo ndio uliofungua mlango wa studio.

Wakongo waliokwama Jamaika wapo kweli, ila ni watu wengine: Seke Molenga na Kalo Kawongolo. Nao walirekodi Black Ark, miaka hiyo hiyo.

#5 Dreadi wa Nyali

Mzee, mimi hadithi hiyo niliipata kwa mjomba wangu, baharia, aliyekuwa na santuri yenyewe. Jina la albamu lina neno Congo. Wimbo wa pili unaitwa Congoman. Kwenye picha wana rasta. Mtu afikirie nini?

#6 Kolwezi_Fils

Jambo bote. Miye niko mu Lubumbashi.

Ile Mzee anasema ni kweli. Bale bantu babili balitoka kwetu, wakati ule inchi ilikuwa inaitwa Zaïre. Kuanza 1971 mpaka 1997 ilikuwa Zaïre, kwa hiyo mu 1977 hakukuwa muntu aliitwa "mtu wa Congo" mu pasipoti. Baliimba mu Lingala juu ya muziki ya Perry. Disque yao ilitoka Ufaransa mu 1979, kwa Sonafric. Iko na wimbo Moto ya Motema, iko na Masanga, na mapiga ya shaba yenye kutoka kwetu kabisa.

Nyuma wakaitoa tena na kuiita From the Heart of the Congo. Ndiyo pale bantu bengi bamepotea.

#7 BintiMakorongoni

Asante Kolwezi. Hiyo ya pili sikuwa naijua kabisa, leo ninaitafuta.

Ila Dreadi ana haki ya kuuliza habari ya jina, na jibu lake linarudi nyuma sana. Baada ya utumwa kufutwa kabisa kwenye makoloni ya Waingereza mwaka 1838, wenye mashamba Jamaika walikosa watu wa kazi. Wakaletwa Waafrika kwa mikataba, na wengi wao walitoka Afrika ya Kati, watu wa Kikongo. Walikaa sana parokia ya St. Thomas, mashariki ya kisiwa, na huko ndiko iliko Kumina hadi leo: ngoma, nyimbo na mizimu, pamoja na maneno ya Kikongo ambayo wazee wa kule bado wanayajua. Marasta wa Kingston walichota mengi kutoka kwenye ngoma hizo.

Kwa hiyo Mjamaika akiimba kwamba ametoka Kongo, kuna wenzake ambao babu zao wametoka huko kwa jina na kwa tarehe. Hajaliokota kwenye ramani. Sikilizeni Congoman na vifaa vizuri: ngoma za mkono zinajibizana chini, waitikiaji wamekaa nyuma, na maneno ni machache yanayorudiwa mpaka unasahau kwamba wimbo ulianza saa ngapi. Mimi nikiusikia nakumbuka ngoma za usiku za kwetu Tanga. Siwezi kusema kuna undugu wa damu, lakini mwili unaelewa kabla ya kichwa.

#8 Fundi Mitambo

Mleta uzi, nakupinga kama ulivyoomba.

Kama Blackwell alikuwa anaogopa rege nzito ya Kirasta, mbona alitoa Marcus Garvey ya Burning Spear 1975 na Man in the Hills 1976? Mbona alitoa Blackheart Man ya Bunny Wailer, ambaye ni Wailer mwenyewe aliyetoka kwa Bob? Mtu mwenye hofu hafanyi hivyo.

Mimi ni mtu wa studio, nimeshika miksa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nakwambia sababu ni sauti. Black Ark ilikuwa na mashine ya kurekodi ya TEAC yenye treki nne, yaani njia nne za kuwekea sauti kwenye kanda. Nne tu! Studio za London wakati huo zilikuwa zinarekodi kwa treki kumi na sita, ishirini na nne. Perry akiwa na dramu, besi, gitaa na kinanda, alikuwa anavibana vyote kwenye treki moja ili apate nafasi ya sauti za waimbaji, kisha anabana tena ili apate nafasi ya ngoma na mbwembwe zake. Kila unapohamisha, mvumo wa kanda unaongezeka na ncha za sauti zinapungua. Juu ya hapo anapitisha kila kitu kwenye kifaa cha kuzungusha sauti na kwenye mwangwi wa Roland. Matokeo yake ni muziki unaosikika kama uko chini ya maji. Sisi tunaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mtu wa mauzo wa London, anayetaka redio ipige, ataona kanda imeharibika.

#9 Mvuvi wa Pangani

Fundi, nashukuru kwa somo, lakini hoja yako inajikata yenyewe. Super Ape imetoka kwenye chumba kile kile na mashine ile ile. Police and Thieves hivyo hivyo. Na wimbo huo wa Murvin ulipendwa mpaka The Clash, kundi la punk la London, wakauimba upya mwaka huo huo wa 1977. Kwa nini ukungu wa Black Ark uwe sawa kwa Murvin na uwe ubovu kwa Myton?

#10 Fundi Mitambo

Kwa sababu hazina ukungu sawa. Chukua Police and Thieves, usikilize dramu na sauti ya Murvin: kuna nafasi baina yao. Chukua Children Crying: waitikiaji wamejaa kila kona. Wamo The Meditations, yumo Gregory Isaacs, wamo wa Heptones. Kuna ngoma za Sticky na Skully, kuna kinanda cha Winston Wright, halafu ng'ombe analia! Hiyo ni kanda iliyobanwa mara nyingi zaidi.

#11 Nyundo ya Kati

Subirini kwanza. Gregory Isaacs yumo humu kama muitikiaji tu??

#12 MzeeWaKaseti

Yumo. Black Ark watu walikuwa wanapita na kuingia. Na ukitaka kushangaa zaidi, anayepiga besi ni Boris Gardiner.

#13 Nyundo ya Kati

Boris Gardiner wa I Want to Wake Up with You? Ule wa harusini?

#14 MzeeWaKaseti

Huyo huyo. Wimbo ule ulishika namba moja Uingereza mwaka 1986. Miaka kumi kabla alikuwa anakaa Washington Gardens akimpigia Perry besi. Na gitaa ni Ernest Ranglin, aliyepanga muziki wa My Boy Lollipop ya Millie Small mwaka 1964, wimbo uliomtajirisha Blackwell na kuifanya Island ijulikane. Kwa hiyo Blackwell aliletewa albamu yenye mkono wa mtu aliyemfungulia njia, na bado akaiacha. Hapo ndipo mimi naona kuna kisa zaidi ya sauti.

#15 Jirani Mwema

Dada zangu wote wameolewa na wimbo wa Boris. Endeleeni.

#16 Dreadi wa Nyali

Turudi kwa ng'ombe. Ile sauti ni kikopo cha kuchezea watoto, ukikigeuza kinalia muuu. Perry alikuwa nacho studio, kila mtu anajua.

#17 BintiMakorongoni

"Kila mtu anajua" ndiyo imejaza mitandao uongo, kaka yangu. Ninavyofahamu mimi, ng'ombe ni Watty Burnett mwenyewe, anatoa sauti yake nzito kupitia bomba la karatasi ngumu lililofungwa karatasi ya bati. Perry alikuwa anaisikia sauti hiyo kichwani na akamtafutia namna ya kuitoa.

#18 Fundi Mitambo

Kwa masikio yangu yote mawili yanawezekana. Kuna wimbo ambamo sauti inashuka na kukatika ghafla kama kikopo, na kuna mahali inavuta pumzi kama mtu. Perry alikuwa anachanganya kila kitu: maji, vioo, watoto wakilia. Kwa nini asitumie vyote viwili?

#19 Dreadi wa Nyali

Tayari nimepata mtetezi. Asante Fundi.

#20 Fundi Mitambo

Sijakutetea, nimetetea ng'ombe.

#21 Mwanakwetu Muscat

Salaam aleykum wote. Nausoma uzi huu kutoka Muscat, na nina la kuongeza ambalo halijaguswa.

Mnazungumza kana kwamba iko albamu moja. Ziko mbili. Miksi ya kwanza, iliyotoka kwenye zile nakala chache za Black Art, ni nyepesi zaidi, sauti za waimbaji ziko mbele na vikorombwezo ni vichache. Baadaye Perry akairudia, akaongeza ngoma na milio, ikapigwa chapa tena. Hii ya pili ndiyo iliyozoeleka duniani. Toleo la VP, kampuni ya rege ya New York, la 2017, la kuadhimisha miaka arobaini, liliziweka zote pamoja ili mtu ajilinganishie.

Mimi nimekaa nazo, moja baada ya nyingine, na ninasema ile ya kwanza ina Fisherman bora zaidi. Unasikia watu watatu wanaimba kwenye chumba. Babangu alikuwa mvuvi Pemba kabla hatujahamia huku, na wimbo ule unasema hali ilivyo: mtu anavuta kasia kwa sababu nyumbani watoto wamelala na njaa na mwingine yuko njiani. Hakuna pambo. Marehemu hakujua Kiingereza hata kidogo, lakini nilipomwekea alisema huyu anayeimba ni mtu anayejua bahari.

Sasa ulizeni vizuri: Island waliletewa miksi ipi? Kama ni ya kwanza, hoja ya Fundi kuhusu ukungu imepungua nguvu. Kama ni ya pili, imeongezeka.

#22 Fundi Mitambo

Swali zuri kuliko yote humu. Nakiri halina jibu rahisi, na ninashikilia kwamba hata miksi ya kwanza ni treki nne zile zile.

#23 MzeeWaKaseti

Mwanakwetu ametugusa. Mungu amrehemu mzee.

Mimi nina maelezo ya tatu, na ndiyo ninayoyaamini: Perry mwenyewe. Tunamlaumu Blackwell kwa sababu ni tajiri na yuko mbali. Lakini mtazameni Perry kati ya 1977 na 1979. Aligombana na Island, na Roast Fish Collie Weed & Corn Bread ya 1978, albamu yake mwenyewe anayoimba mwanzo hadi mwisho, nayo wakaikataa. Aligombana na wanamuziki kuhusu malipo. Akaanza kuandika kuta za studio kwa wino, kila sehemu, na kuweka alama za msalaba juu ya maneno. Miaka ya themanini akamwimbia Blackwell wimbo mzima wa kumwita mnyonya damu. Mtu wa namna hiyo ukimpa karatasi ya mkataba anaweza kuisaini asubuhi na kuichana jioni.

Ninachosema: huenda hakuna aliyekataa albamu. Huenda mazungumzo yalivunjika, kila mmoja akaondoka na hadithi yake.

#24 Mvuvi wa Pangani

Mzee, naheshimu, lakini tusimgeuze Perry kuwa mwendawazimu kila jambo likikosa maelezo. Mtu aliyeweza kupanga sauti za waitikiaji saba kwenye treki moja akajua kila mmoja atasikika wapi, huyo ana akili timamu kuliko sisi wote. Hiyo habari ya "kichaa cha Scratch" imewafaidi sana wale ambao hawakumlipa.

#25 BintiMakorongoni

Mvuvi, hapo umesema kitu nilichotaka kusikia. Naunga mkono.

Na niongeze: waliobeba gharama ya ugomvi huo ni Myton na Johnson. Hawakuwa na chochote mkononi isipokuwa albamu hii. Mabwana wawili wamevutana, vijana wawili wamebaki na santuri isiyofika dukani. Wakaondoka kwa Perry, wakaenda CBS Ufaransa, wakatoa Congo Ashanty na Image of Africa mwaka 1979. Albamu nzuri, sikatai. Lakini hakuna Perry ndani yake na masikio yanajua. Kisha wakaachana kila mmoja na njia yake.

#26 Otieno wa Kaloleni

Wazee, niaje. Mnasema tu juu ya Blackwell na Perry. Na sisi tuliosikia hii kitu aje?

Mimi niliskia Open Up the Gate kwa matatu nikitoka shule, redio ya rege ya Nairobi, mtangazaji hakutaja jina. Nilikaa miaka nikiitafuta. Nikanunua CD kwa mtu mmoja mjini, cover iko sawa, ndani ni Best of Culture, kundi lingine kabisa la rege! Nikarudi, kibanda hakipo. Niliipata kamili baadaye kwa mtandao.

Kama Island wangeitoa 1977, pengine babangu angekuwa nayo kwa nyumba vile alikuwa na Exodus na Survival. Hiyo ndiyo hasara. Bob alifika kwa kila kijiji Kenya kwa sababu kampuni ilimfikisha. Sauti ya Cedric Myton ingefika pia.

#27 MzeeWaKaseti

Otieno umesema ukweli mchungu. Nilikuwa narekodi kaseti Kariakoo miaka ya themanini, watu walikuwa wanaleta santuri kutoka melini na kwa ndugu waliosoma Ulaya. Bob, Tosh, Spear, Culture, Jimmy Cliff, hizo zilikuja mpaka zinachosha. The Congos ilinifikia mara moja tu, kwa mtu aliyetoka Uingereza, toleo la Go-Feet. Hiyo ni lebo ya The Beat, wale vijana wa ska wa Birmingham, walioirudisha sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu waliipenda tu. Niliwarekodia wateja kadhaa. Nusu yao walirudi kulalamika kaseti ina mvumo.

#28 Fundi Mitambo

Hao wateja wako ndio walikuwa wanafanya kazi Island.

#29 MzeeWaKaseti

Hahaha. Haya, hiyo nimekupa.

#30 Nyundo ya Kati

Mimi nitasema jambo ambalo halitapendwa. Nadhani ilikuwa heri kwamba walikataa.

Tazameni Island walichoifanyia Marcus Garvey ya Spear. Jack Ruby aliitengeneza Jamaika, nzito, besi imejaa. Ilipofika London wakaichanganya upya, wakaichangamsha, na Spear hakufurahi. Catch a Fire ya Wailers nayo iliongezewa gitaa na vinanda vya wageni London. Sasa fikirieni Heart of the Congos imeingia kwenye mikono hiyo. Wangemtoa ng'ombe. Wangeosha ule ukungu. Tungepata albamu safi ya rege ya 1977, na leo hakuna anayefungua uzi.

Ilibaki ilivyo kwa sababu haikuguswa. Ilipokuja kutolewa vizuri mwaka 1996 na Blood and Fire wa Manchester, ile lebo iliyosaidiwa na Mick Hucknall wa Simply Red, dunia ilikuwa imeshazoea muziki wa mashine na mwangwi. Watu wakaisikia kama kitu kipya kabisa.

#31 Otieno wa Kaloleni

Nyundo, hiyo ni rahisi kusema ukiwa si wewe ulikosa kulipwa kwa miaka kumi na tisa.

#32 BintiMakorongoni

Otieno 👏🏾

#33 Nyundo ya Kati

Sijasema ilikuwa heri kwao. Nimesema kwa albamu.

#34 BintiMakorongoni

Albamu haili wala haisomeshi watoto. Fisherman ndiyo hiyo inasema hivyo kwa sauti ya juu kabisa, na wewe umeisikiliza miaka yote. Watu walioimba juu ya njaa wameachwa bila malipo, halafu sisi tunafurahia kwamba mvumo wa kanda ulihifadhiwa. Siwezi kukubali hesabu hiyo.

#35 Nyundo ya Kati

Nimekusikia. Bado nasimama na la kwangu, lakini nimekusikia.

#36 Dreadi wa Nyali

Na ule moto je? Black Ark iliungua 1979, Perry akaichoma mwenyewe kwa hasira. Je, kanda za The Congos hazikuwa ndani? Huenda Island walitaka baadaye na kanda hazipo.

#37 MzeeWaKaseti

Wengine wanasema 1979, wengine 1983, na mimi naona ya pili ina nguvu zaidi, kwani baada ya kuzivuruga zile kuta kulikuwa na majaribio ya kuifufua studio. Perry amesema mara nyingi kwamba aliiwasha mwenyewe kufukuza mapepo. Wapo wa karibu yake wanaosema ilikuwa hitilafu ya umeme. Yeye mwenyewe alisimulia kwa namna tofauti kulingana na siku. Na kumbuka mwaka 2015 studio yake ya Uswisi nayo iliungua, hiyo ikiwa ajali.

Ila hoja yako ya kanda haisimami. Go-Feet na Blood and Fire waliitoa baada ya hapo, na ya VP ina mpaka miksi ya kwanza.

#38 Dreadi wa Nyali

Ya VP wangeweza kuitoa kwenye santuri safi. Haithibitishi kwamba kanda ya mwanzo iko hai.

#39 Fundi Mitambo

Hapo Dreadi amepata bao. Inafanyika sana: unachukua santuri nzuri, unasafisha mikwaruzo, unapiga chapa.

#40 Kolwezi_Fils

Miye naona kitu ingine. Bantu benyewe ba Zaïre, Molenga na Kawongolo, hata leo hakuna muntu anauliza kama balilipwa. Uzi iko na mafasi makumi tatu na zaidi, bote banazungumuza juu ya Blackwell. Bale ndugu balifika Kingston, hawana makuta, hawajue Kiingereza, Perry akawapa mafasi ya kulala na kuimba. Hiyo peke yake ni kitu ya kukumbuka. Wakati The Congos wanaimba juu ya Congo, bantu ba Congo balikuwa mulango wa studio.

Nataka Binti asikilize Nakoya, anielezee.

#41 BintiMakorongoni

Nimeisikiliza sasa hivi Kolwezi. Daah! Besi ya Jamaika na juu yake mtu anaimba kama yuko Kinshasa. Mbona hatufundishwi mambo haya? Yule anayelalamika rege na rumba haziendi pamoja aje hapa.

#42 Mwanakwetu Muscat

Nimeisikiliza nami. Tarumbeta zimekaa mahali pake. Ahsante sana ndugu wa Lubumbashi.

Mleta uzi, umebadili mawazo?

#43 Mvuvi wa Pangani

Hapana, ila nimeongeza. Bado naamini Island walikuwa na mtu mmoja wa kumjenga na wakachagua. Burning Spear hakuwa tishio kwa Bob, kwa sababu Spear ana ukali wa mhubiri na hana nyimbo ambazo mtoto anaweza kuimba njiani. The Congos wanazo. La La Bam-Bam mtoto wangu wa darasa la pili anaimba yote. Uzito wa Spear pamoja na utamu wa Bob kwenye albamu moja: hapo ndipo Blackwell aliposita. Hoja ya Fundi ya sauti inaweza kuwa ndiyo sababu iliyotajwa mezani. Sababu ya moyoni ni nyingine.

#44 Fundi Mitambo

Spear hana nyimbo za kuimba njiani?? Slavery Days umeiweka wapi? Mvuvi, hapo umevuka mpaka. Fungua uzi wa Spear kesho nikuonyeshe.

#45 MzeeWaKaseti

Na mimi nitakuwepo. Nina kaseti ya Marcus Garvey miksi ya Jack Ruby, kabla London hawajaigusa. Otieno, nitumie ujumbe faraghani nikurekodie na The Congos ya Go-Feet, hii haina Culture ndani.

#46 Otieno wa Kaloleni

Mzee, shukran. Natuma sai.

#47 Jirani Mwema

Kambi yangu nahamishia uzi wa Spear.